Kiranja wa Galina

Wiki mbili zilizopita, ofisini kwetu Arusha, kwenye ile baridi inayomfanya kila mtu aongee akiwa amejikunyata, mwenzangu mmoja alijimwagia chai kwenye sweta. Haikuwa chai yetu ya maziwa ya kila siku. Ilikuwa ya Kichina, yenye maua ya asumini, aliletewa zawadi na shemeji yake. Sweta lilikuwa la sufu halisi. Watu walicheka, mmoja akaenda kutafuta kitambaa, na mimi nikajikuta niko nje kwenye korido nimeegemea ukuta. Sufu ikilowa chai ya moto hutoa harufu yake, kati ya mbuzi aliyenyeshewa na maua ya madhabahuni. Harufu hiyo niliijua nikiwa na miaka tisa, Guangzhou, siku niliyomchoma mtu.

Habari za Guangzhou nimezisimulia mara nyingi, maana wenzangu hupenda kusikia mtoto wa Kipare alivyokulia China. Huwa nawapa zile za kuchekesha: lifti iliyotufungia na magunia, samaki aliyeruka kutoka kwenye beseni la muuzaji akanitua miguuni. Hii sijawahi kuitoa. Hata mume wangu anajua nusu tu.

Tulikaa ghorofa ya tano nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, mama na mimi, vyumba viwili na jiko la watu kupishana kwa ubavu. Baba alibaki nyumbani akipokea mizigo dukani. Siku za kazi mama alishinda Zhanqian Road, kwenye majengo ya nguo za jumla, akiwachagulia jinzi wafanyabiashara wa kwetu waliomwagiza, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Lakini Jumanne na Jumamosi alasiri alikuwa mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi Same miaka kumi na mmoja kabla hatujahama, na sijawahi kumwona akitembea na jinzi begani kama alivyotembea akiwa ameshika kalamu ya ubao. Siku hizo alivaa sketi ya kupigwa pasi, akabana nywele, na hata mimi mwanawe nilimwita Mwalimu.

Wanafunzi wake walikuwa wanawake wanaozungumza Kirusi. Wengine Warusi wenyewe, wengine wametoka Kazakhstan na Kirgizia. Walikuja mjini kununua makoti ya ngozi na viatu kama sisi tulivyokuja kununua jinzi, na Kiingereza kiliwapiga chenga kama Kichina kilivyotupiga chenga sisi. Mama alikuwa na daftari nene alilotoka nalo chuo cha ualimu, lenye misemo ya Kiingereza mia na ishirini, maana zake zimeandikwa kwa wino mwekundu. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba hicho ndicho Kiingereza chenyewe. "Sarufi hata kasuku anaiweza," alikuwa akisema. "Ukijua misemo, Mwingereza hawezi kukusengenya umekaa hapo hapo." Ukubwani nimefanya kazi na Waingereza, na sijamsikia hata mmoja akisema kwamba mvua inanyesha paka na mbwa. Sikumwambia mama.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa hii: anasoma msemo, anauigiza kwa mwili mzima, kisha kila mwanafunzi aseme kwao wanausemaje. Kwa Kiingereza mtu akifa amepiga ndoo teke. Kwa Kirusi, wakasema, ametupa kwato. Mama akasema sisi tunakata kamba. Kumdanganya mtu kwa utani, Mwingereza anamvuta mguu, Mrusi anamning'iniza tambi masikioni, Mswahili anamfunga kamba. Anayevumilia maumivu, Kiingereza kinasema ameuma risasi. Mimi niliyasikiliza hayo yote kwa akili za miaka tisa na nikapata picha yangu. Uingereza ilikuwa nchi ya watu wakorofi: ndoo wanazipiga mateke, risasi wanazitafuna, na farasi akishakufa bado wanamchapa. Kuhusu kwato sikuwa na hakika, ndiyo maana siku ya kwanza niliinama chini ya meza nikaangalia miguu ya wageni.

Fimbo ilitusumbua mwanzoni. Guangzhou huwezi kumtuma mtoto akachume fimbo, miti ya mjini ina wenyewe. Mama alitumia kandambili kwa muda, huku akilalamika kwamba haina adabu. Kisha siku moja, kwenye soko la vyombo, aliona ufagio wa kufutia vumbi wa manyoya ya kuku, manyoya ya kahawia yenye kung'aa, na mpini wa henzirani mrefu kama mkono wake. Muuzaji alikuwa bibi wa Kichina mwenye aproni ya maua. Aliniangalia, akamwangalia mama, akaugeuza ule ufagio, akashika upande wa manyoya na kuupiga mpini hewani mara mbili. Fyuu, fyuu. Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mama akielewana na mtu wa mji ule bila kushika kikokotoo.

Sisi tuliokulia kwenye fimbo tuna tabia ya kujisifu nazo. Tukikutana harusini tunashindana nani alichapwa na mwalimu mkali zaidi, na kila hadithi inaishia pale pale, nilichapwa na bado nimekuwa mtu. Mimi pia husema hivyo. Husema nikicheka, kisha naangalia mikono yangu.

Sasa Galina. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mwanamke wa mabega mapana aliyebeba mabunda ya makoti mwenyewe bila kumsubiri mchukuzi. Alivaa sweta la sufu la kijivu alilolifuma kwa mkono wake, hata kwenye joto la Guangzhou, kwa sababu kiyoyozi chetu kilikuwa kinaelekea kwenye kiti chake na hakikujua kupunguza. Binti yake aliolewa ng'ambo, na mjukuu wake wa miaka minne alizungumza Kiingereza tu. Alikuwa amepanga kwenda kumwona baada ya maonyesho ya biashara ya Pazhou kumalizika, na hakutaka, alisema, kukaa mbele ya mtoto wa damu yake kama kabati. Haya aliyasema kwa msaada wa Aigul, Mkazakhi kijana aliyekuwa na Kiingereza kizuri na aliyemtafsiria kila kitu.

Galina hakuwa mvivu. Alikuwa na kichwa kilichochoka tu. Alikuja na misemo kumi ameiandika kwenye kiganja, akaondoka nayo minane, akarudi Jumamosi na mmoja. Mama hakuweza kuielewa hali hiyo. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuwa na mwanafunzi asiyejua ambaye hangeweza kuchapwa, na mwanamke mzima mwenye wajukuu, aliyekuja kwa miguu yake na ada yake, huwezi kumwambia anyooshe mkono.

Basi akanipata mimi. "Naeli," akaniambia Jumanne moja mbele ya wote, kwa Kiswahili, "kuanzia leo wewe ni kiranja wa Galina. Atakuja nusu saa mapema, utamkaririsha jikoni. Akikosa darasani, umekosa wewe."

Aliyesoma kwetu hahitaji kuelezwa. Darasa likipiga kelele, anaanza kuchapwa kiranja. Galina alikuwa ananiangalia mama alipokuwa akisema, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu kama aliyeelewa, akanitabasamia kwa meno yake mawili ya dhahabu. Hakuwa ameelewa hata neno moja. Mimi nilihesabu kwamba ameelewa yote, na kwamba amekubali.

Ilikuwa hivi. Darasa la Jumamosi likiisha, wanawake walibaki sebuleni wakinywa chai na kubangua mbegu za alizeti. Mama aliniita chumbani, akafunga mlango, nikalala kifudifudi kwenye godoro. Kila msemo aliokosa Galina ulikuwa viboko viwili nyuma ya mapaja. Akikosa mitano, kumi. "Ukilia naanza upya," alisema mama, na hakuwa mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo niliuma mto. Henzirani haiumi kama kandambili. Kandambili inapiga kelele na kuwasha. Henzirani inaingia, inakaa kimya kidogo, halafu ndiyo moto unapanda, na kabla haujafika juu ya pili imeshashuka. Nilikuwa nikitoa ulimi kuonja foronya, ina chumvi, na kujiambia bado sita, bado nne.

Tukishatoka, mimi nikitembea kwa kujikaza, Galina alikuwa amekaa pale pale na rundo la maganda mbele yake. Alinipisha nafasi kwenye benchi, akaipigapiga kwa kiganja nikae. Nikae, na mapaja yale. Nilimwona ni mwanamke katili kuliko wote niliowahi kukutana nao. Jumamosi moja mama alipotoka chumbani na ufagio mkononi, jasho likimtoka usoni, Galina aliinua kidole gumba na kumwambia kwa Kiingereza chake cha kuvunjika, "Ticha mwanamke mzuri. Kila Jumamosi. Mimi pia, nyumbani, kila Jumamosi." Mama alifurahi siku nzima. Alimweleza baba kwenye simu kwamba watu wale wanajua malezi. Mimi nilikaa jikoni, roho ikiniuma, nikiwahurumia watoto wa Galina.

Nikaanza kumfinya.

Jikoni kulikuwa na joto, na Galina alizoea kukunja mikono ya sweta mpaka juu ya kiwiko tukianza kukariri. Tulikaa kwenye vigoda, magoti yetu yakigusana. Msemo wa kwanza aliokosa nilimfinya upande wa ndani wa mkono, pale ngozi ilipo laini, taratibu, kama mzaha. Alishtuka, akacheka. "Ticha mdogo mkali," akasema. Wa pili nilitumia kucha. Nilikuwa naona haki tupu. Yeye ananipa kumi, mimi nampa tano. Baada ya wiki kadhaa haikuwa tena habari ya haki. Nilifuga kucha mbili, ya dole gumba na ya shahada, nikazinoa kwa sakafu ya saruji ya bafuni. Nilimngoja akosee. Akipata jibu nilivunjika moyo. Siku moja niliminya nikazungusha mpaka kidole kikalowa, na nikakifuta chini ya meza huku nikimuuliza msemo unaofuata kwa sauti ya mama.

Hakumwambia mtu. Niliamini hahisi maumivu, kwamba watu wa baridi wana ngozi ya kiatu. Sasa mimi mwenyewe nina watoto, na najua mtu mzima anayefinywa na mtoto mdogo anavyojipa sababu. Nadhani alinichukulia mtoto mpweke, mkorofi kidogo, asiye na mtu wa kucheza naye. Alikuwa akinijia na pipi. Nilizila.

Miezi minne ikapita hivyo. Maonyesho ya Pazhou yalikuwa yamekaribia, wateja wa mama wakaagiza kwa fujo, na wiki ile chumba chetu cha kulala kilijaa magunia ya jinzi kutoka sakafuni mpaka kwenye taa. Godoro lilisimamishwa ukutani. Mama na mimi tulilala sebuleni chini ya ubao.

Jumanne ya wiki hiyo walijifunza kumchapa farasi aliyekufa, yaani kuhangaikia jambo lisilo na faida tena. Aigul aliposema Warusi wanaita kutwanga maji kwenye kinu, mama aliruka kwenye kiti. Na sisi tunatwanga maji kwenye kinu, akasema, hivyo hivyo, neno kwa neno. Akainuka akaigiza kutwanga, Galina naye akainuka, wakatwanga pamoja katikati ya sebule mchi usiokuwepo, kwa zamu, mmoja juu mmoja chini, wakacheka mpaka machozi. Sijawahi kumwona mama akicheka hivyo na mwanafunzi. Akasema, huu Galina hawezi kuusahau hata akifa.

Jumamosi akausahau. Mama alimuuliza wa kwanza kabisa, akiwa ameshaanza kutabasamu. Galina alifumba macho. Alikumbuka kinu, akatwanga hewani kwa ngumi mbili. Farasi hakumpata. Akasema ng'ombe. Akasema ng'ombe anakunywa maji. Tabasamu la mama likabaki usoni peke yake. Akauliza wa pili, Galina akakosa. Wa tatu, akakosa. Nadhani mama alichukulia kwamba amedharauliwa, kwamba kile kicheko cha Jumanne kimetupwa jalalani.

"Naeli," akasema.

Nikasimama, nikaelekea chumbani kwa mazoea, nikakutana na magunia. Nikageuka. Mama naye aliyaona magunia. Ufagio ulikuwa umeegemezwa kando ya ubao. Alifikiri kidogo sana.

"Shika meza," akasema.

Nikashika ukingo wa meza, mbele yao wote, uso wangu ukiwa karibu na bakuli la mbegu. Kiboko cha kwanza kilitua. Nikasikia mtu ameacha kutafuna. Cha pili. Niliinua macho bila kuinua kichwa na nikauona uso wa Galina, ulikuwa umebadilika rangi, na alikuwa akiangalia si mapaja yangu wala ufagio, alikuwa akiangalia mlango wa chumbani. Midomo yake ilikuwa inatembea kama mtu anayejumlisha. Cha tatu kilipotua, kiti chake kilianguka.

Alizunguka meza kwa hatua mbili. Alimshika mama kifundo cha mkono, akakisokota mpaka vidole vikafunguka, akauchukua ufagio. Kisha akampiga. Cha kwanza begani. Cha pili shingoni. Mama aliinua mkono kujikinga na cha tatu kikapita juu ya mkono kikamchana mdomo. Galina alikuwa akiunguruma kwa Kirusi, neno moja hilo hilo kwa kila pigo, na manyoya ya kuku yalikuwa yakiruka kila upande na kutua kwenye chai za watu. Aigul alikuwa amemng'ang'ania kiuno na kuburutwa naye. Mama hakulia. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, damu ikipita kati ya vidole na kudondokea sketi yake ya kupigwa pasi, na macho yake yalikuwa yamekodoka kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kufikiri kwamba fimbo ina ncha mbili.

Mimi sikufikiri lolote kuhusu kuokolewa. Lazima niliseme hili wazi, kwa sababu watu wangependa niseme vingine. Niliona mtu anampiga mama yangu. Mtu aliyenichapisha miezi minne amemaliza na mimi, sasa anamla mama. Chupa ya chai ilikuwa juu ya meza, ile kubwa nyekundu ya lita mbili, mfuniko umefunguliwa. Niliinyanyua kwa mikono miwili nikammwagia yote, kuanzia bega la kulia kushuka.

Hakupiga kelele. Aliachia ufagio na akavuta pumzi ndefu kuingiza ndani, na hiyo pumzi ndiyo niliyoisikia tena kwenye korido ya ofisi wiki mbili zilizopita. Sufu ilishika maji ya moto ikayakumbatia kwenye ngozi. Mvuke ulipanda ukiwa na harufu ya asumini na mnyama.

Aliyemwahi ni mama. Damu bado ikimtoka, alinyakua mkasi wa kukatia nyuzi za jinzi, akamsukuma Galina jikoni, akapasua mkono wa sweta kutoka kifundoni mpaka begani kwa mkato mmoja, akaufungulia bomba la maji baridi mkono ule. "Maji, maji, usitoe," alikuwa akimwambia kwa Kiswahili, na Galina akatii. Wanawake wawili waliotoka kupigana walisimama wamebanana kwenye beseni, mmoja akimshika mwenzake mkono kama mtoto anayeoshwa. Ngozi ya juu ilikuwa imeanza kujikunja. Mama alikuwa akiielekeza kwenye maji, akaugeuza mkono upande wa ndani, ambako chai haikufika.

Hapo akasimama. Upande wa ndani, juu ya kiwiko, ulikuwa na alama zangu. Nyingine za njano, nyingine za zambarau, nyingine bado zina magamba. Jozi jozi, nusu miezi midogo iliyotazamana, zaidi ya ishirini. Kidole gumba cha mama kilitambaa juu ya moja, kikapima. Halafu akageuza kichwa akaangalia mikono yangu, ambayo bado ilikuwa imeshika chupa.

Aigul aliita teksi wakaenda hospitali wote watatu. Nilibaki. Niliokota manyoya moja moja nikayaweka kwenye bakuli, nikafuta damu, nikaukausha ufagio. Waliporejea mama na Aigul jua lilikuwa bado halijatua. Mdomo wa mama ulikuwa umeshonwa nyuzi tatu. Nilikuwa nimekwisha kujilaza kifudifudi juu ya gunia la jinzi, ufagio nimeuweka kando yangu pale atakapoufikia. Nilitaka tumalize.

"Inuka," akasema mama.

Nikainuka.

"Ulikuwa unamfinya?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa unanichapa akikosa. Na yeye alikuwa anajua."

Mama akamwangalia Aigul, akamtafsiria kwa Kiingereza. Aigul alikaa kwenye gunia. "Hakujua," akasema. "Hakuna aliyejua. Tulikuwa tunasikia mnapiga kitu huko ndani, kimya, hakuna mtoto anayelia. Galina alituambia Ticha anapiga mazulia." Akaeleza kwamba kwao Jumamosi wanawake huyatoa mazulia nje, wakayatundika na kuyapiga fimbo mpaka vumbi liishe, na mwanamke asiyefanya hivyo anasemwa mtaa mzima. Galina alikuwa amemsifu mama kwa hilo. Mwanamke mzuri, kila Jumamosi.

Hatukuwa na zulia hata moja nyumba nzima. Mama aliangalia sakafu muda mrefu kana kwamba analitafuta.

Msidhani alijuta siku ile. Alikuwa na hasira kali. Nilimsikia akimwambia baba kwenye simu, kwa ule mdomo usioweza kufunga vizuri, kwamba amepigwa na mwanafunzi wake mbele ya mwanawe, na kwamba mtu huyo asikanyage tena. Kwa wiki mbili hakufundisha. Hakunichapa, lakini hakunigusa pia, wala kunisuka hakunisuka, nikaenda na nywele timutimu mpaka jirani akauliza. Ufagio ulikaa pale kwenye ubao, nusu umenyonyoka. Nilijua utashuka. Sikujua tu siku, na kusubiri kulinikondesha kuliko viboko vyenyewe.

Jumanne ya wiki ya tatu mlango uligongwa nusu saa kabla ya wakati wa darasa. Alikuwa Galina, peke yake, mkono wa kulia umefungwa bandeji kutoka vidoleni hadi begani, amevaa fulana ya kiume ili mkono upite. Mama alisimama mlangoni na mdomo wake wenye gamba jeusi. Waliangaliana. Nilitegemea kelele, au ngumi, au mmoja aombe radhi. Hakuna aliyeomba radhi. Mama akasogea pembeni, na Galina akapita kwenda jikoni, akakaa kwenye kigoda chake.

"Ticha mdogo," akaita. "Njoo. Mjukuu mwezi ujao."

Sikutaka. Mama alinisukuma mgongoni, si kwa nguvu. Nikaenda nikakaa, magoti yetu yakagusana. Galina alipandisha mkono wa kushoto wa fulana, ule mzima, akaulaza mapajani mwangu upande wa ndani ukiwa juu. Haukuwa na alama hata moja. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeshajiapia: nitamuuliza kwa upole, akikosa nitamwambia jibu, basi. Nililiomba hata kanisani, kwenye kile chumba cha kukodi walichokuwa wanasalia watu wetu.

Nikamuuliza kupiga ndoo teke. Akapata. Nikamuuliza farasi, akapata, akacheka kwa pua. Nikamuuliza kumvuta mtu mguu, na akafumba macho, akatafuta, akafungua, akatikisa kichwa. Hakuwa nao. Akaniangalia kwa uso wa mtu anayesubiri kusaidiwa.

Nikamfinya. Kwa kucha zote mbili, nikazungusha. Sikuwa na hasira naye tena hata chembe, nilikuwa ninampenda, nilitaka ajue jibu kabla ya kwenda kwa mjukuu wake, na hiyo ndiyo njia ya kumfanya mtu ajue niliyokuwa nayo. Galina aling'ata meno. Hakuuondoa mkono.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, sijui tangu lini. Nilipomwona nilifanya kama nilivyofundishwa, niligeuka nikampa mapaja, huku vidole vyangu bado vimeshika nyama ya yule mwanamke. Nilisikia akivuta pumzi.

"Mwanangu, acha," akasema.

Miezi minne nilikuwa nimelala na neno hilo chini ya ulimi, kwenye foronya ile, bila kuthubutu kumwambia. Yeye alilisema mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, nami nikaacha.